Pale Maji Yanapopwa: Ruwaza za Miamba ya Matumbawe na Historia ya Majina Yake, kutoka Kitaya hadi Ghuba ya Mnazi

1.0 Utangulizi

Neno pwani ni miongoni mwa maneno ya kwanza ambayo mgeni wa Kiswahili hufundishwa, na miongoni mwa yale ambayo mzawa wa lugha hana sababu ya kuyachunguza. Likichambuliwa, linatoa kitenzi -pwa, yaani maji kushuka na kuacha mahali pakiwa pakavu, pamoja na kiambishi tamati cha mahali -ni. Kwa asili yake, basi, pwani si ukingo wa nchi kavu wala si ukingo wa bahari. Ni pale maji yanapopwa: eneo linalofunikwa na kufunuliwa mara mbili kwa siku.

Neno mwambao, ambalo mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni kisawe cha pwani, lina asili nyingine kabisa. Linahusiana na kitenzi kuambaa, yaani kupita kandokando ya kitu bila kukigusa, kama chombo kinavyoiambaa nchi. Ukanda mmoja, kwa hiyo, umepewa majina mawili na watu wawili. Pwani ni jina la mtu anayetembea kwa miguu maji yakiwa yametoka. Mwambao ni jina la mtu aliyeshika usukani. Kilichopo kati ya wawili hao, kinachomkaribisha wa kwanza na kumwepusha wa pili, ni mwamba.

Mhadhara huu unahusu mwamba huo na swali linaloonekana kuwa la wanasayansi peke yao: kwa nini miamba ya matumbawe haikui ovyoovyo, bali hujipanga katika kuta, safu, mafungu na pete? Unalifuata swali hilo katika eneo moja, kutoka Kitaya katika bonde la chini la mto Ruvuma hadi Ghuba ya Mnazi mkoani Mtwara. Hoja yake ni kwamba umbo la mwamba ni kumbukumbu iliyoandikwa na nchi, maji na walaji, na kwamba msamiati wa watu wa pwani ni kumbukumbu ya pili ya mambo yayo hayo. Kumbukumbu hizo mbili zimesomwa mbalimbali kwa muda mrefu, na leo zote mbili zinafutika.

2.0 Kutoka Kitaya hadi Ghuba ya Mnazi

Kitaya ni kijiji cha upande wa Tanzania wa mto Ruvuma, bara kutoka mdomo wa mto huo. Hakuna tumbawe Kitaya, na ndiyo sababu maelezo ya ruwaza za miamba yanafaa kuanzia hapo. Ruwaza hufanywa na mahali ambapo kitu kipo na mahali ambapo hakipo, na Ruvuma ndio unaoamua mahali pa kutokuwapo.

Tumbawe hujengwa na viumbe laini, kila kimoja kikiwa na mdomo mmoja na minyiri, vinavyoishi kwa makundi na kutoa chokaa ya kujijengea makao. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Kwa sababu hiyo tumbawe linahitaji maji ya chumvi, ya vuguvugu, na maangavu. Ruvuma huleta kinyume cha mahitaji hayo. Katika msimu wa mvua mto hushuka na maji baridi yasiyo na chumvi, pamoja na udongo wa maeneo ya mbali ya bara, ukipita Kitaya na mashamba ya bondeni. Udongo huzuia mwanga na kuwafunika viumbe hao. Ndiyo maana mdomo wa mto umezungukwa na mikoko, matope na mafungu ya mchanga.

Kadiri mtu anavyokwenda kaskazini ya mdomo huo, hali hubadilika. Karibu na sehemu hii ya bara, mkondo mkuu wa bahari unaotoka mashariki, kusini mwa Ikweta, hulifikia bara la Afrika na kugawanyika: tawi moja huelekea kaskazini kufuata pwani ya Tanzania na Kenya, na maji mengine huelekea kusini katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Mchanga wa mto husukumwa na maji ya pwani, nao umeshiriki kuijenga rasi nyembamba ya Msimbati. Nyuma ya rasi hiyo na visiwa vya jirani ndipo ilipo Ghuba ya Mnazi, yenye majani ya bahari, mikoko na vichaka vya matumbawe. Upande wa nje, unaopigwa na bahari kuu, miamba husimama kama ukuta.

Mwaka 2000 eneo hili lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 650 hivi, sehemu kubwa ikiwa bahari. Tafiti zilizofanywa katika miaka ya mwanzo ya hifadhi zilitambua zaidi ya spishi 250 za matumbawe, idadi inayoliweka eneo hili miongoni mwa yale yenye utajiri mkubwa katika magharibi ya Bahari ya Hindi.

Historia ya watu wa hapa nayo haikufuata mipaka. Upande wa kusini wa mdomo wa Ruvuma upo mji mdogo wa Kionga, ambao Wajerumani waliuchukua mwaka 1894, Wareno wakautwaa mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukathibitisha kuwa ni wa Wareno. Serikali zilibishania ukingo wa mto, lakini wavuvi waliendelea kuvuka. Kimakonde, Kimakwe, Kimwani na Kiswahili vilivuka pamoja nao, na majina ya baharini yalikuwa mali ya pande zote mbili.

3.0 Majina ya Mwamba

Msamiati wa Kiswahili wa miamba unapowekwa pamoja, jambo moja hudhihirika: maneno yake makuu hayakutungwa na mtu mmoja wala kwa kazi moja.

Mwamba ni neno la baharia. Humaanisha jiwe kubwa au safu ya mawe ya chini ya maji, lile ambalo chombo hupanda na kuvunjika; ndiyo maana chombo kilichokwama husemwa kuwa kimepanda mwamba. Kamusi hutoa pia mwamba kwa maana ya boriti inayolazwa juu ya ukuta ili kubeba paa, na kuna kitenzi kuwamba, yaani kutandaza kitu na kukikaza, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Si lazima maneno haya yawe na mzizi mmoja ili msikilizaji ayahusishe. Mwamba wa pwani ya kusini umelala sambamba na nchi kama boriti juu ya ukuta, ukipokea uzito wa bahari usiifikie nyumba.

Tumbawe ni neno la fundi mwashi. Katika kamusi za zamani halikuwa jina la kiumbe. Lilikuwa jina la jiwe jeupe na jepesi linalokatwa baharini likiwa bado bichi, laini kiasi cha kuchongwa, na ambalo hukauka na kuwa gumu. Kwa jiwe hilo vilijengwa vibla, fremu za milango na mapambo ya majengo ya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na miji mingine ya kale. Fundi alilitofautisha na jiwe la nchi kavu, ambalo pia ni matumbawe ya zama za kale sana yaliyogeuka chokaa ngumu. Aliyataja mawe mawili ambayo mtaalamu wa miamba angeyapa jina moja, kwa sababu nyundo yake ilijua tofauti ambayo jicho halikuijua.

Fungu ni neno la mchuuzi na la nahodha kwa pamoja. Sokoni ni chungu kidogo cha kitu kilichogawanywa: fungu la dagaa, fungu la nyanya. Baharini ni kilima cha mchanga au mawe kilichojitenga, kilichozungukwa na maji marefu zaidi, nalo limo katika majina kama Fungu Yasini karibu na Dar es Salaam na Fungu Mbaraka mashariki ya pwani hiyo. Kinachounganisha maana hizo mbili ni wazo la mgawanyo: kitu kilichokuwa kimoja kimewekwa chungu chungu, na kati ya chungu na chungu pana nafasi.

Kipwa ni neno la mtembeaji. Linatokana na kitenzi kilekile cha pwani, nalo humaanisha mwamba au fungu linaloachwa wazi maji yakitoka. Hapa umbo limetajwa kwa saa ya kuonekana kwake. Vivyo hivyo kilindi ni mahali penye kina kirefu, na mlango ni njia ya maji kati ya miamba au visiwa viwili. Mlango hauna jiwe hata moja, lakini bila miamba ya kando usingekuwapo.

Wenye matumizi ya kila siku ya maneno haya wamekuwa, kwa kiasi kikubwa, wanawake. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya pwani hii hutoka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia mita 3 au zaidi. Kupwa huko hutokea asubuhi ikielekea adhuhuri, na ndiyo saa ya kuchokoa pweza, kuokota chaza na kutanda samaki wadogo kwa nguo katika vidimbwi. Anayefanya kazi hiyo anahitaji kujua jiwe lipi hukauka kwanza, mfereji upi hujaa nyuma yake kabla ya mwamba kufunikwa, na mchanga upi hauwezi kubeba uzito wake. Kwake ruwaza ya mwamba ndiyo ratiba ya kurudi nyumbani salama.

4.0 Ramani na Kamusi

Maarifa hayo yalipoanza kuandikwa, yaliandikwa na watu wa mwambao zaidi kuliko watu wa pwani. Katika karne ya 15 nahodha Ahmad bin Majid alitunga kwa Kiarabu utenzi wa safari kutoka India hadi Sofala. Kati ya mwaka 1822 na 1826 msafara wa Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza ulipima pwani za Afrika kwa kamba na risasi. David Livingstone, aliyeshuka Mikindani Machi 1866 ili kuanza safari yake ya mwisho, alikuja katika bahari ambayo ilikwisha chorwa. Katika ramani kama hizo mwamba ni hatari: huonyeshwa mahali ulipo ili uepukwe, na kilicho juu yake au nyuma yake hakina haja ya kuchorwa.

Watunga kamusi walifuata njia nyingine lakini wakafika karibu na hapo. Edward Steere alitoa mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Kamusi ya Ludwig Krapf, iliyoegemea Mombasa, ilichapishwa mwaka 1882. Charles Sacleux alitoa kamusi yake kubwa kati ya mwaka 1939 na 1941, akizingatia lahaja nyingi. Na kamusi sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939. Kazi hizi ni hazina, na bila hizo historia hii isingeandikika. Hata hivyo, wakusanyaji wake walizungumza zaidi na watu wa mjini, wa msikitini, wa misheni na wa sokoni. Mwashi aliulizwa akataja tumbawe. Baharia aliulizwa akataja mwamba. Mwanamke wa kipwani hakuwa katika orodha ya waulizwaji.

Usanifishaji ulioanza mwaka 1930 uliongeza umbali huo. Lahaja ya Unguja ilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja za kusini, ikiwemo ile ambayo wataalamu waliiita Kimgao, zilibaki nje ya mlango. Kimwani cha upande wa Msumbiji kilibaki mbali zaidi, ng'ambo ya mpaka wa kikoloni na wa lugha ya Kireno. Hivyo eneo lenye miamba tajiri likawa miongoni mwa yale ambayo maneno yake ya miamba yaliingia kwa uchache katika kamusi sanifu.

5.0 Jinsi Sayansi Ilivyoueleza Mpangilio

Sayansi nayo ilianza kwa majina. Mwaka 1842 Charles Darwin, baada ya safari yake ya miaka mitano katika meli ya Beagle, aligawa miamba ya matumbawe katika makundi matatu: miamba ya kando, inayoambatana na nchi, miamba ya kizuizi, inayotengwa na nchi kwa maji marefu, na atoli, yaani pete ya matumbawe isiyo na nchi katikati. Ubora wa hoja yake haukuwa katika majina hayo. Ulikuwa katika kusema kwamba ni hatua tatu za kisa kimoja: kisiwa cha volkeno huzama polepole, matumbawe yakikua kwenda juu kufuata mwanga, hata kisiwa kinatoweka na pete inabaki. Pwani ya Afrika Mashariki, ambayo aliijua kwa taarifa za wasafiri kama Owen, aliiona kwa sehemu kubwa kuwa ya miamba ya kando. Uthibitisho wa atoli ulipatikana mwaka 1952, wakati mashimo yaliyochimbwa katika atoli ya Enewetak, Bahari ya Pasifiki, yalipofikia mwamba wa volkeno zaidi ya mita 1,200 chini ya matumbawe.

Lakini maelezo ya kuzama hayatoshi kwa Mtwara, ambako hakuna volkeno iliyozama. Hapa kisa kikubwa ni cha bahari yenyewe kupanda na kushuka. Takriban miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda katika barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa mita 120 hivi. Pwani ilikuwa imepwa kwa maelfu ya miaka. Miamba ya matumbawe ya zama za kale ilisimama nchi kavu, na mvua, yenye asidi hafifu, ikaimumunya chokaa yake na kuacha mashimo, mifereji na vilele. Mito ilichimba mabonde kuelekea bahari iliyokuwa mbali. Maji yaliporudi, mabonde yalijaa: hori za Mtwara, Mikindani na Sudi ni mabonde yaliyozamishwa, na ndiyo sababu Mtwara ina bandari yenye kina cha asili. Mwaka 1974 mtaalamu wa miamba Edward Purdy alitoa hoja kwamba matumbawe ya leo mara nyingi hufuata umbo la nchi hiyo iliyozama, yakiota juu ya vilele vya zamani na kuyaacha mashimo yakiwa vilindi. Kwa hoja hii, mfereji anaouvuka mvuvi leo unaweza kuwa njia ya maji ya mvua iliyonyesha kabla mtu yeyote hajatweka tanga.

Maelezo ya tatu yanatoka katika mawimbi. Upande wa nje wa miamba mingi huwa na migongo ya matumbawe inayotokeza kuelekea baharini, na kati ya mgongo na mgongo pana mfereji wa mchanga, kama meno ya kitana. Walter Munk na Marston Sargent, waliochunguza atoli ya Bikini, walionyesha mwaka 1948 kwamba migongo hiyo inahusiana na nguvu ya mawimbi: hustawi zaidi pale bahari inapopiga kwa nguvu. Wimbi huvunjika juu ya mgongo, maji hurudi kwa mferejini yakibeba mchanga, mchanga husugua mferejini na kulizuia tumbawe lisiote, na mgongo hupata chakula na hewa zaidi. Tofauti ndogo ya mwanzo hujikuza yenyewe.

Kujikuza huko ndiko msingi wa maelezo ya nne, ambayo ndiyo mapya zaidi. Mwaka 1952, mwaka uleule wa Enewetak, mwanahisabati Alan Turing alichapisha makala yaliyoonyesha kwamba vitu viwili vinavyoathiriana na kusambaa kwa kasi tofauti vinaweza kuzalisha madoa na milia mahali ambapo mwanzoni kila kitu kilikuwa sawasawa. Hakuna anayechora, ruwaza hutokea. Wazo hilo lilipelekwa katika vichaka vya nchi kame, kisha baharini. Mwaka 2003 Susannah Mistr na David Bercovici walilitumia kwa matumbawe: maji yanayopita juu ya tumbawe hupungukiwa na chakula, kwa hiyo jirani aliye nyuma hupata njaa na jirani aliye mbali kidogo hupata nafuu. Kanuni hiyo ya kula peke yake yatosha kulifanya zulia moja la matumbawe liachane na kuwa safu zenye nafasi kati yake. Hapa mwanaisimu anasikia mwangwi wa neno fungu: kitu kimoja kilichogawanyika, pamoja na nafasi inayokitenga.

Walaji wengine huacha alama iliyo wazi zaidi. Kuzunguka vichaka vya matumbawe vilivyo katikati ya majani ya bahari mara nyingi huonekana pete ya mchanga mtupu yenye upana wa mita kadhaa. Mwaka 1965 John Randall, katika Visiwa vya Virgin, alieleza pete hizo kuwa ni malisho. Samaki wala majani, kama pono, hutoka katika maficho yao kula, lakini hawathubutu kwenda mbali kwa kuogopa wawindaji. Ili kuthibitisha, aliweka mwamba wa kutengenezwa kwa matofali ya saruji katikati ya majani, na pete ikatokea. Ukubwa wa pete ni kipimo cha hofu. Katika miaka ya karibuni wataalamu wamezitazama pete hizo kwa picha za setilaiti, wakitafuta ndani yake dalili za afya ya jamii nzima ya samaki, kwa kuwa mabadiliko ya wawindaji na walaji yanaweza kuandikwa mchangani.

Maelezo haya manne hayafukuzani. Nchi iliyozama huweka msingi, mawimbi huchonga ukingo, ulaji wa matumbawe huyapa nafasi, na malisho ya samaki huchora pete. Yote manne yana tabia moja: hakuna linaloueleza mwamba kwa jiwe peke yake. Kila moja linaueleza kwa uhusiano wa jiwe na maji, au na nafasi iliyo kando yake.

6.0 Ndoa ya Mwashi na Baharia

Katika karne ya 20 Kiswahili kilihitaji jina la kisayansi la jambo hili. Marijani, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwapo, lakini lilishikamana na kito chekundu cha mapambo. Istilahi iliyoshinda ni miamba ya matumbawe. Imeenea katika vitabu vya shule, nyaraka za hifadhi na taarifa za habari kiasi kwamba umri wake mdogo umesahauliwa. Ndani yake mwamba wa baharia umeoana na tumbawe la mwashi, na jiwe la ujenzi limegeuka kuwa jina la kiumbe hai. Badiliko hilo la maana si dogo. Katika lugha ya mwashi, tumbawe huanza kazi yake linapokatwa. Katika lugha ya mwanabiolojia, hapo ndipo maisha yake yanapokwisha.

Juhudi za istilahi zimefanya mengi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar imefanya utafiti tangu mwaka 1978. Hata hivyo, istilahi za umbo la mwamba bado ni haba. Mwalimu anayetaka kueleza migongo na mifereji ya ukingo wa nje, au pete za malisho, hulazimika kueleza kwa sentensi nzima, ilhali katika mashua jambo hilo huenda limekwisha kupewa jina. Kosa la kawaida katika uundaji wa istilahi ni kuanzia katika lugha ya kigeni na kutafuta kisawe. Msamiati wa pwani unapendekeza njia nyingine: kuanzia mahali, maji yakiwa yamepwa.

7.0 Ruwaza Inayovunjwa

Kazi hiyo ina muda mfupi. Tumbawe lenye matawi linaweza kuongezeka sentimeta 10 kwa mwaka, lakini tumbawe la mviringo, lile la mwashi, huongezeka takriban sentimeta 1 tu. Jiwe lenye kimo cha mtu ni kazi ya karne moja na zaidi. Katika pwani ya Mtwara matumbawe yamechimbwa na kuchomwa katika tanuri kuwa chokaa ya kujengea, na Ghuba ya Mikindani ni miongoni mwa sehemu zilizoumia. Uvuvi wa baruti, ulioanza kusikika Tanzania katika miaka ya 1960, uliiathiri pwani ya kusini kwa ukali. Ulipungua kwa operesheni za mwishoni mwa miaka ya 1990, ukarudi katika miaka ya 2000, kisha ukapungua tena mwishoni mwa miaka ya 2010. Baruti haiui samaki tu. Huacha shimo la kifusi, na kifusi hicho hutembezwa na kila wimbi, kwa hiyo tumbawe changa halipati mahali pa kushika. Palipokuwa na ruwaza panabaki changarawe.

Joto limeongeza msiba. Maji yanapozidi joto la kawaida kwa majuma, viumbe wa tumbawe huupoteza mwani wao, hubaki weupe, na hali ikiendelea hufa. Mwaka 1998 tukio la namna hiyo liliua matumbawe mengi katika magharibi ya Bahari ya Hindi, pwani ya Tanzania ikiwemo; matukio mengine ya upaukaji yalifuata mwaka 2016 na 2024. Mwamba uliokufa huhifadhi umbo lake kwa muda, kisha humomonyoka.

Watu nao wamepata misukosuko yao. Oktoba 2020 Kitaya yenyewe ilishambuliwa na watu wenye silaha waliovuka Ruvuma kutoka Cabo Delgado, na upande wa pili wa mto vita viliwahamisha maelfu kwa maelfu kutoka vijiji vya pwani. Mvuvi aliyehamia bara haachi nyumba na mashua tu. Huacha pia mahali ambapo maneno yake yalikuwa na kazi, na neno lisilo na kazi halirithiwi na mtoto. Jina la mlango fulani au kipwa fulani hufa kimya, bila hata tarehe.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba ruwaza ya mwamba imesomwa kwa njia tatu. Baharia aliisoma ili aiepuke, mwanasayansi akaisoma ili aieleze, na mtembeaji wa kipwani akaisoma ili ale na arudi salama. Wa kwanza alipata ramani. Wa pili alipata vitabu. Wa tatu alibaki na maneno. Wataalamu wa lugha wamewahudumia wawili wa kwanza kuliko wa tatu, ingawa ni yeye aliyewapa neno pwani.

Kinachotakiwa kinawezekana. Ni kukusanya msamiati wa miamba pale unapotumika, katika vijiji kama Msimbati, kwa kufuata kalenda ya mwezi badala ya kalenda ya chuo. Kuuandika kwa Kiswahili, Kimakonde, Kimakwe na Kimwani bila kuuchuja kwanza kwa kipimo cha usanifu. Na kila neno kuliambatanisha na mahali, kina, na saa ya maji. Mwanaisimu na mtaalamu wa bahari wakienda pamoja, mmoja ataandika jina na mwingine atapima kinachotajwa. Kamusi ya namna hiyo ingekuwa pia ramani ya mwamba jinsi ulivyokuwa, na ambaye angerudi baada ya miaka 30 angejua kipi kimebaki.

Muda wa kuifanya kazi hiyo kwa siku moja haufiki saa nne. Maji hutoka, mwamba huonekana, wanawake hushuka na vikapu vyao, na kabla ya jua kupinda vya kutosha mfereji wa nyuma huanza kujaa. Anayetaka kuuliza inampasa awe amekwisha fika.